Safari Alizomwekea Bintiye

Mzee wa Vitabu hakuwahi kufika kwenye dirisha langu bila kugombana na chai yangu. Nilikuwa karani wa tiketi katika ofisi ya mabasi mjini Kisii, kuanzia miaka ya mwisho ya sitini mpaka katikati ya sabini, na kila asubuhi kikombe changu kilikaa kando ya muhuri, chai ya maziwa, sukari ya kutosha, moto wa kuunguza ulimi. Yeye alikuwa anatua mkoba, ananiamkia kwa Kikisii, "Bwakire," nami namjibu vivyo hivyo kwa ulimi wangu wa ziwani ambao ulimchekesha kila mara. Kisha anakikodolea macho kile kikombe.

"Karani, hiyo kitu itakuua mapema."

"Basi Mzee, nitakufa nimeshiba."

Alikuwa Msabato wa wale wa zamani, na mzee wa kanisa juu yake. Chai, kahawa, tumbaku na pombe kwake vilikuwa kapu moja. Lakini kumbe mwenyewe alikuwa na shamba la chai huko kwake Manga, anachuma na kubeba majani mpaka kituo cha kuuzia chai kama majirani zake wote! Siku niliyoambiwa hilo nilimcheka mpaka nikashika mbavu. "Yaani unatuuzia sumu, Mzee?" Hakukasirika. Alisema yeye analima majani tu, anayeyatia kwenye maji ya moto atajibu mwenyewe mbele ya Mungu. Nyumbani kwake, akaniambia, haijachemshwa chai tangu nyumba ijengwe, na haitachemshwa akiwa hai.

Alikuwa akizungusha vitabu vya dini na vya afya, vya Kiswahili, vya Kikisii na vya Kijaluo, leo Kisumu, kesho Homa Bay, keshokutwa Oyugis, akipiga hodi mlango kwa mlango. Kijaluo chake kilikuwa cha salamu na bei. Akishapita hapo, anafungua kitabu penye picha ya tumbo la mtu lililopasuliwa, anakusogezea puani na kukwambia, "Tazama tumbo lako." Nilinunua kimoja ili anyamaze. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, kwa sababu mimi Kikisii sikukijua zaidi ya salamu, na Kiswahili chetu kilikuwa cha shule na cha stendi, kila mtu anakivunja kwa namna ya kwao. Tulielewana vizuri sana.

Mkoba wake ulikuwa wa ngozi, umeshonwa na kushonwa tena. Alivaa koti moja, mvua au jua, na viatu alivyovipangusa kwa kitambaa kabla ya kupanda basi, si baada ya kushuka. Nilimuuliza kwa nini. Akasema barabarani huwezi kujua utakutana na nani. Wakati huo niliona ni maneno ya mzee anayejipenda, nikamtania kwamba anatafuta mke. Alitabasamu kidogo na kutazama pembeni, na mimi nikaona aibu bila kujua ni ya nini.

Sabato yake ilikuwa jambo la kutisha. Jua likitua Ijumaa, miguu yake ilikuwa haiendi tena. Kuna Ijumaa basi letu liliharibika njiani likitoka Kisumu, na fundi alipomaliza kulitengeneza jua lilikuwa limeshagusa milima. Mzee wa Vitabu akashuka. Dereva wetu, ambaye alikuwa jirani yake wa Manga na alimheshimu kama baba, alimsihi, "Mzee, panda, tutafika sasa hivi!" Abiria wakampigia kelele, wengine wakamwita mwendawazimu. Aliwaaga wote kwa adabu, akaenda kupiga hodi kwenye boma la kwanza aliloliona, kwa watu asiowajua na ambao hawakujua lugha yake, akakaa kwao mpaka Sabato ikapita. Jumatatu akaja dirishani kwangu kana kwamba hakuna lililotokea, akaanza na chai yangu.

Lakini huyo huyo mkali wa sheria nimemwona akiteremka kwenye basi bega limelowa mate ya mlevi. Dereva alinieleza kwamba mlevi yule alimlalia tangu Kisumu, ananuka chang'aa, na Mzee hakusogea hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini hakumsukuma, alisema, "Alikuwa amelala vizuri." Hakumhubiria, wala hakumtolea kitabu. Nadhani Mzee mwenyewe alikuwa amekaa muda mrefu bila mtu wa kumwegemea.

Sasa lazima nieleze habari ya kadi, maana bila kadi hutamjua mtu huyu.

Dirisha langu lilikatia tiketi kampuni mbili. Moja ilikuwa yetu, ya Kisii kwenda Kisumu na miji ya ziwani. Nyingine ilikuwa ya wenzetu wa Nairobi, waliokuwa na basi la jioni lililofika huko asubuhi. Wenye mabasi hao wawili walikuwa marafiki, wakapatana hivi: abiria wetu wa kila siku atapewa kadi, na kila akisafiri karani ataigonga muhuri. Kadi ikijaa, safari moja bure. Kadi yetu ilikuwa ya kijani, ya wenzetu nyekundu, na abiria alikuwa na hiari. Ungeweza kupanda basi letu la Kisumu lakini ukaamua safari yako ihesabiwe kwa wenzetu, ili ukijaza upate kwenda Nairobi. Tatizo ni kwamba kadi nyekundu ilijaa polepole mno, safari za Kisumu zilikuwa fupi na wenzetu walizipima kwa ubahili. Kwa hiyo watu wote wenye akili walichukua kijani. Wanajaza, wanapanda bure, wanaanza upya.

Mzee wa Vitabu alichukua nyekundu. Nilimweleza hasara yake, nikamweleza tena kwa sauti, maana mimi sina subira na mtu anayekataa cha bure. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Iweke Nairobi," akasema.

"Haya. Jina?"

Akataja jina la mwanamke. Nikaweka kalamu chini. "Mzee, anayesafiri ni wewe. Safari yako nitamwandikiaje mtu mwingine?"

"Kwani basi litajua?"

Basi lisingejua, na tajiri wetu hakujali ilimradi kiti kimelipiwa. Nikaandika. Tangu siku hiyo, miaka nenda miaka rudi, alipanda basi letu kwenda kuuza vitabu kwa mvua na kwa vumbi, na kila safari ikaingia kwenye jina la mtu ambaye sikuwahi kumwona. Niligonga muhuri, yeye akapuliza wino ukauke, akairudisha kadi ndani ya Biblia yake. Nikimuuliza kwa mzaha, "Leo tuiweke wapi?" alijibu bila kucheka, "Iweke Nairobi."

Dereva ndiye aliyenieleza. Mke wa Mzee alikufa mapema akamwachia mtoto mmoja tu, msichana. Ndugu zake wakamsakama aoe mwingine apate wana wa kiume, akakataa. Alimlea yule mtoto mwenyewe, akamsuka nywele mwenyewe, akaenda naye shambani na kanisani, mpaka watu wakamcheka kwamba amegeuka mama. Msichana alipokuwa mkubwa akampenda kijana ambaye si wa imani yao na hakuwa na hata ndama. Mzee akasema hapana. Wakatorokea Nairobi. Na kwa kuwa jina la muumini aliyekosa lilisomwa mbele ya kanisa na mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa alikuwa yeye, alisimama akalisoma jina la mtoto wake mwenyewe na kusema si mmoja wao tena. Angeweza kumwomba mwingine asome. Dereva alisema alilisoma kwa sauti ya kawaida, akakunja karatasi, akaenda nyumbani ambako hakukuwa na mtu.

Ndipo kanisani pakawa pagumu kwake kila alipotazama benchi la wasichana, na nyumbani pagumu zaidi, akachukua kazi ya vitabu iliyomweka barabarani.

Niliposikia hayo nilipandwa na hasira, na hasira yangu haina adabu. Alipokuja nikamwambia, "Kwa nini usiende kumwona? Basi ni hili hapa!"

Alinieleza taratibu kama anayemfundisha mgeni, na kweli nilikuwa mgeni. Ng'ombe wa mahari hawajaletwa. Baba wa Kikisii haingii nyumba ya binti yake ambaye hakutolewa ng'ombe. Hali huko, halali huko. Akienda ni kama amesema mtoto wake hana thamani yoyote. Kwa hiyo anayeweza kuja ni binti. Maisha ya Nairobi ni magumu, nauli si mchezo, pengine na mtoto mgongoni. Basi yeye atamwekea njia, siku akitaka kuja, njia ipo.

"Na anajua kwamba ipo?"

"Watu wa Manga wakienda Nairobi wanasema kila kitu. Atasikia."

"Mwandikie! Mtume mtu! Mwambie njoo!"

Akapangusa viatu vyake, kimoja, halafu cha pili. "Nililisoma jina lake mimi mwenyewe, Karani. Kwa mdomo huu huu. Nitamwita vipi?" Kisha akasema neno lake la siku zote alipotaka kuyafunga mazungumzo: "Tutaona."

Aka, mzee yule! Kulikuwa na siku nilitaka kumpiga kwa muhuri. Lakini pia nilimwelewa kuliko nilivyotaka. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka kwenye ndoa bila mtoto, nikapanga chumba upande wa Kiogoro, na wafanyakazi tuliruhusiwa kupanda basi bure mpaka ziwani siku yoyote tuliyotaka. Sikupanda. Kwetu walikuwa na maneno yao juu ya mwanamke aliyerudi, na sikutaka kuyasikia. Siku moja mvua ilinyesha mchana kutwa, mabasi yakachelewa, tukabaki wawili ofisini. Akaniuliza ghafla, "Na wewe, Karani, zako zinaenda wapi?"

"Mimi sisafiri, Mzee. Nauza safari za watu."

Alitikisa kichwa. Akafungua mkoba, akatoa ndizi mbivu mbili, akanipa moja, tukala tukiitazama mvua.

Kadi ya kwanza ikajaa. Nilifurahi kama ni yangu, nikampigia makofi pale dirishani. Yeye akaitia kwenye Biblia akaomba nyingine. "Ya kurudi," akasema. "Akija atataka kurudi kwake." Maskini, hakutaka hata kumbakisha. Ya pili nayo ikajaa, na hakuna aliyekuja. Kila basi la Nairobi lilipofika asubuhi akiwepo, alisimama mlangoni pa ofisi, viatu vinang'aa, akiwatazama wanaoshuka mpaka wa mwisho. Baadaye akachukua mkoba wake akapanda basi letu.

Kisha mafuta yakapanda bei, marafiki wawili wenye mabasi wakagombana, na likaja agizo: urafiki umekwisha, kadi nyekundu zitakubaliwa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo ni karatasi tu. Nilijua nani wa kumwambia kwanza, na sikulala vizuri. Alipofika hata sikumngoja aanze na chai.

"Mzee, zitakufa. Safari zako zote. Miaka yote hiyo."

Alikaa kwenye benchi letu la abiria. Alikaa sana. Watu wakaja wakakata tiketi wakaondoka, naye amekaa na Biblia mapajani. Hatimaye akaja dirishani akaziweka zile kadi mbili mbele yangu.

"Futa jina lake," akasema. "Andika langu."

Nimekata majina mengi ya abiria walioahirisha safari bila hata kuyasoma. Hili nililisoma kwanza. Nilipiga mstari juu ya jina la binti nikaandika lake, naye akatazama mpaka nikamaliza. Dereva akatuma neno kwa makondakta wa Nairobi, kwa sababu binti alikuwa akiuza mboga si mbali na stendi yao, kwamba baba yake atakuwepo Alhamisi. Atakuwa stendi, nyumbani hataingia. Mzee akaondoka Jumatano jioni, amebeba mkungu wa ndizi, na mkoba wa vitabu akauacha chini ya meza yangu. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone bila mkoba huo. Alionekana mdogo.

Ijumaa asubuhi akashuka. Nilitoka mbio ofisini, nimeacha watu kwenye foleni wananung'unika.

"Alikuja?"

"Alikuja."

Akaingia, akakaa kwenye benchi, na nikafikiri anapumzika kabla ya kupanda kwenda kwake Manga. Saa sita yuko pale. Nikamletea uji, akashukuru, hakuunywa. Alasiri, ofisi ilipotulia, nikatoka nyuma ya dirisha nikakaa kando yake. Hapo akaanza kusema, macho yake yakiwa sakafuni.

Binti alikuja mapema kuliko alivyotarajia, na watoto wawili. Walikaa kwenye benchi la stendi kama sisi tulivyokaa. Mtoto mdogo alimwogopa, yule mkubwa akashika kitufe cha koti lake hakukiachia. Binti alikuwa amekuja na chupa ya chai, akakumbuka, akaona haya, akairudisha kikapuni. Wakasema habari za shamba, za majirani, za waliokufa. Mchana ukapita hivyo hivyo. Mwishoni Mzee akajikaza, akamweleza habari ya kadi. Kwamba alimwekea safari. Kwamba zilikuwepo muda wote.

"Alikuwa anajua," Mzee akaniambia. "Alisikia zamani. Kila mtu wa Manga aliyemwona alimwambia. Akasema, 'Tata, nauli ninayo. Siku zote ninayo. Nilikuwa nangoja uniite.'"

Nilishika mdomo. "Na wewe ukamwambiaje?"

"Basi lilikuwa linapiga honi," akasema.

"Mzee! Haki ya Mungu, Mzee! Ukapanda?"

"Nikapanda."

Nilisimama nikarudi nyuma ya dirisha langu kwa sababu ningesema neno la kumvunjia heshima. Nilikuwa nalia, nasema wazi. Nililia kwa hasira, na si hasira ya kwake peke yake. Nje basi la jioni la Nairobi lilikuwa limeshaletwa, makondakta wanapandisha mizigo juu, na mwanga ukutani ulikuwa umeanza kuwa wa manjano. Ijumaa. Nilimngoja ainuke awahi nyumbani kabla ya Sabato kuingia, na tayari alikuwa amechelewa.

Akainuka kweli. Akapangusa viatu. Akaja dirishani akaweka pesa mbele yangu, pesa za vitabu, zimekunjwa.

"Nairobi," akasema.

Nikadhani sikusikia. "Mzee, jua linatua."

"Naliona."

"Kesho ni Sabato."

"Karani, kata tiketi."

Nikaandika jina lake. Mkono wangu, kwa mazoea tu, ukauendea muhuri, maana mwezi ulikuwa haujaisha. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, kigumu na chenye joto.

"Usigonge," akasema. "Hii sio ya kuweka."

"Utamwambia nini ukifika?"

"Njoo nyumbani." Aliyasema pale dirishani polepole, kama mtu anayejaribu viatu vipya. "Hayo tu." Halafu akapanda, akapata kiti cha dirishani, na basi likaondoka na jua likazama naye yuko barabarani, mtu ambaye aliwahi kushuka kwenye basi zima kwa ajili ya jua hilo hilo.

Sikumwona tena. Mwezi ulipoisha nilihamishiwa ofisi yetu ya Homa Bay, na mkoba wa vitabu nikauacha kwa dereva ampelekee. Ilipita zaidi ya mwaka kabla dereva yule hajapangiwa njia ya huku Homa Bay. Nilimkaba kwa maswali hata hajazima injini.

Akasema Mzee alivuliwa uzee wa kanisa kwa ile Sabato aliyosafiri. Siku hizi anakaa benchi la nyuma kama watu wengine, na vitabu ameacha. Ng'ombe bado hawajaletwa.

"Na binti?"

Dereva akacheka. "Karani, siku za sikukuu ukipita pale kwa Mzee, unasikia harufu ya chai mpaka barabarani."

Nilicheka na yeye, tena sana, mpaka abiria wakatutazama. Jioni nilifunga dirisha, nikaenda kwenye chumba changu, nikachemsha yangu, nikainywa peke yangu. Asubuhi yake nilimwomba mwenzangu anishikie dirisha, nikapanda basi la kwenda nyumbani kwetu.